Jiko Lililofungwa Kamba

Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika Pokrova, sikukuu ya Shela ya Mama wa Mungu, na Ustyna alikuwa amemaliza kazi zote za kuitayarisha nyumba kwa baridi isipokuwa ile moja iliyokuwa na maana kuliko zote.

Viazi vilikuwa vimeshushwa kwenye ghala la chini ya ardhi, magunia kumi na manane. Karoti zilikuwa zimefukiwa mchangani, moja moja, zisigusane. Kabichi ilikuwa inachacha ndani ya pipa la mwaloni, na kila asubuhi Ustyna aliichoma kwa fimbo hadi chini ili itoe pumzi. Kuta za nje alizizungushia makapi ya kitani hadi karibu na madirisha, akayabana kwa mbao. Fremu za pili za madirisha alizipachika peke yake, kazi ya watu wawili, akatandika pamba katikati ya vioo na kuiwekea vichala vya matunda mekundu ya porini kama alivyofundishwa na mama mkwe wake mwaka ule alipoolewa. Nyufa aliziziba kwa vipande vya gazeti na uji wa ngano. Mtu angepita nje angesema, nyumba hii ina mwenyewe.

Lakini jiko lilikuwa limefungwa kamba.

Ndilo jiko kubwa la matofali na udongo, lililochukua robo ya nyumba, na mlango wake wa chuma Todosia, mama mkwe, alikuwa ameupitishia kamba ya kitani na kuifunga mafundo saba. Aliifunga mwezi wa pili, siku waliporudi kutoka makaburini kumzika mumewe Lavrin, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwisho wa baridi ile walijibanza na jiko dogo la chuma huko jikoni pa nyuma, wakilala na makoti. Majira ya joto yakaja, hapakuwa na neno. Sasa asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na bibi kizee alikohoa tangu anaamka hadi analala.

Mganga wa zahanati alikuja, akakisikiliza kifua chake, kisha akamvuta Ustyna ukumbini. "Lile jiko dogo la chuma si la kumfaa mgonjwa," alisema. "Kuta hizi zisipopata moto kabla theluji haijashika, huyu hafiki Krismasi. Nakwambia wewe kwa sababu yeye nimemwambia, akageukia ukuta."

Ustyna alikuwa amejaribu kwa upole. Amejaribu kwa ukali pia, maana hakuwa mwanamke wa maneno ya asali.

"Mama, keshokutwa ni Pokrova. Kijiji kizima kitawasha. Sisi tu ndio tutakaa kama wafu?"

"Wafu wako pale kilimani," Todosia alijibu kutoka kitandani. "Hawalalamiki baridi."

"Na mimi nipike wapi chapati za sikukuu?"

"Usipike. Nani atakuja kula kwako?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Watu wa kijiji walikuwa na hadithi yao, na ilikuwa hadithi fupi. Usiku ule wa baridi iliyopasua miti, Ustyna aliwasha jiko, kisha akaenda zamu yake kwenye zizi la ushirika ambako ng'ombe alikuwa anazaa. Kwa haraka ya kutoka, walisema, alilisukuma bamba la dohani kabla ya wakati. Kila mtoto wa kule anajua bamba hilo ni nini. Makaa yakishakuwa mekundu tupu unalisukuma kuziba dohani, joto linabaki ndani hadi kesho. Lakini ndimi za bluu zikiwa bado zinacheza juu ya makaa, hugusi. Ukifunga kwenye bluu unafungia ndani sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Lavrin alikuwa amelala kwenye benchi pembeni mwa jiko. Todosia alinusurika kwa kuwa alilala chumba kidogo, mlango umefungwa, kwa sababu ya kikohozi cha mzee.

Hadithi ilikuwa nzuri, ila haikuwa kweli. Ustyna aliacha bamba wazi, akamwambia Lavrin angerudi kulifunga. Ng'ombe akamchelewesha hadi alfajiri. Aliporudi alimkuta mzee amekwisha kuwa baridi, bamba limesukumwa, na chini yake palikuwa na kigoda. Ustyna ni mrefu, hahitaji kigoda kulifikia bamba. Lavrin naye alikuwa mrefu. Ndani ya nyumba ile alikuwepo mtu mmoja tu aliyehitaji kigoda.

Alikichukua akakirudisha chini ya dirisha, mahali pake, kisha ndipo akapiga kelele watu waje.

Walipomuuliza, alisema, "Jiko ni kazi yangu." Hakusema zaidi. Walipomuuliza Todosia, alilia tu. Basi kijiji kikahesabu chenyewe kikapata jibu. Wanawake wakaacha kukaa naye benchi moja. Mumewe Danylo, aliyekuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe mashariki, alikuja kumzika baba yake, akarudi bila kumshika mkono. Barua zake sasa zilikuja kwa jina la mama yake. Na kwa kuwa Todosia hakujua kusoma, Ustyna ndiye aliyezisoma kwa sauti, pamoja na ile sentensi iliyokuwa mwishoni mwa kila moja: Na yule, bado yuko hapo?

Yule. Miaka kumi na tisa ya ndoa, akawa yule.

Msifikiri Ustyna alikuwa mtakatifu. Kuna siku alisimama na barua mkononi akitamani kukipigia kelele kile kitanda, amwambie bibi kizee mbele ya Mungu na watu nani alipanda kigoda. Alimchukia siku hizo, alimchukia kweli. Kisha bibi angekohoa, na Ustyna angekumbuka mwaka alipopoteza mimba ya pili, Todosia akamkanda miguu kwa maji ya moto majuma matatu bila kumruhusu kushika hata ufagio. Angeikunja barua akaenda kukata kabichi.

Siku ya kuamkia Pokrova, bila kuomba ruhusa, alikwenda kwa Okhrim.

Okhrim alikuwa fundi wa majiko. Ndiye aliyelijenga jiko lile pamoja na Lavrin, wote wawili wakiwa vijana wenye nywele, na tangu mazishi hakuwahi kumsalimia Ustyna. Alimkuta akinoa shoka.

"Mzee Okhrim, naomba unisafishie dohani."

Hakuinua macho. "Dohani ya kumuua nani sasa?"

"Ya kumwokoa shemeji yako. Kifua chake kimekwisha. Nikilazimisha moto kwenye dohani ya mwaka mzima bila kusafishwa, tutaungua. Sina fedha ya ziada, nitakupa chapati za kesho."

"Chapati zako," alisema Okhrim, akatema mate pembeni. Lakini alisimama, akachukua kamba yake, jiwe lake na ufagio wa matawi. "Siji kwa ajili yako. Naja kwa ajili ya Lavrin."

"Njoo kwa ajili ya unayemtaka, mradi upande ngazi."

Todosia alipomwona anaingia, alijiinua kwa kiwiko. "Nani kamwita huyu?"

"Nimejiita, shemeji," alisema Okhrim. "Nimekuja kuliangalia jiko langu. Kusafisha si kuwasha. Lala, usinitazame, nisije nikaanguka kwa aibu."

Akapanda paani. Ustyna alipiga magoti nyuma ya jiko, akatoa tofali la kusafishia, akaweka ndoo. Walisikia jiwe likishuka ndani ya dohani, likigonga, likipanda, likishuka tena. Halafu likakwama. Okhrim akatukana huko juu kwa ustadi wa mtu wa miaka sabini, akaliangusha kwa nguvu, na ghafla vitu vikaporomoka: vijiti, manyoya, nyuzi, nyasi, vumbi jeusi lililojaza nusu ya chumba. Ndoo ikajaa, ya pili ikajaa. Kilikuwa kiota cha kunguru wadogo, wale wenye shingo ya kijivu wanaopenda dohani isiyo na moshi.

Ustyna alibaki amepiga magoti, uso mweusi kwa masizi, akikitazama. Wazo likamjia lote kwa mara moja. Hakulichunguza. Angelichunguza asingelisema.

"Mama," aliita. "Mama, tazama. Dohani ilikuwa imezibwa."

Akaiburuta ndoo hadi karibu na kitanda.

"Kiota, Mama. Ndoo mbili! Moshi ungepita wapi? Hakuna aliyefunga bamba vibaya. Ni hiki. Ni hiki kilichomuua Baba."

Okhrim alikuwa amesimama mlangoni, kamba begani. Fundi wa majiko asiyejua kunguru hujenga lini hajazaliwa. Hujenga Aprili, na hujenga palipo baridi. Usiku ule wa Februari dohani ile ilikuwa imetoa moshi miezi mitano mfululizo. Alimtazama Ustyna kwa dharau, kama mtu anayemkamata mwizi, na mdomo wake ulishafunguka kusema.

Ndipo akamwona Todosia. Bibi kizee alikuwa ameketi kitandani, miguu imegusa sakafu, mikono yote miwili kifuani, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Okhrim aliutazama uso ule. Akamtazama tena Ustyna, aliyekuwa amefumba macho akingoja aumbuliwe. Na pale mlangoni akaelewa jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa hakijalielewa kwa miezi minane.

Alikohoa.

"Kumbe," alisema. "Washenzi hawa. Kitakuwa kilikwama kwenye kona ya juu tangu mwaka juzi, shemeji. Baridi ile ikapasua masizi, kikashuka. Nimewahi kuona. Mara... mara mbili nimeona."

"Kilishuka chenyewe?" Todosia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chenyewe. Kosa langu mimi, fundi. Nilipaswa kupanda kukiangalia." Kisha akamgeukia Ustyna, na akamwita neno ambalo hakumwita tangu mazishi. "Binti, nipe maji ninawe."

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, Todosia aliinuka mwenyewe, akaenda hadi kwenye jiko kubwa akiushika ukuta, akaketi mbele ya mlango wa chuma. Alifungua fundo moja moja. Vidole vyake havikuwa na nguvu, na Ustyna alipoleta kisu alimwambia, "Kaa nacho." Ilimchukua muda mrefu. Kamba ilipoanguka alisema, "Kesho utapika chapati." Ustyna alilala usingizi ambao hakuupata tangu baridi iliyopita.

Asubuhi ya Pokrova ilikuja na mawingu mazito. Okhrim alifika amevaa koti la sikukuu, chupa chini ya kwapa, akilalamika kwamba ameacha chapati za mke wake kuja kula za jirani. Bakuli la unga ulioumuliwa lilikuwa tayari mezani, na krimu chachu, na jamu ya matunda ya porini. Ustyna alipanga kuni ndani ya jiko, magogo matatu ya mti mwepesi kwanza.

"Vijiti vya kuwashia viko wapi?" aliuliza Okhrim.

"Si hivyo hapo," alisema Todosia. Alikuwa ameketi kwenye benchi alilofia mumewe, amejifunga shali, ndoo ya kiota kati ya miguu. "Vikavu hivi. Acha vilipe walichofanya kunguru."

Alianza kukivunjavunja kiota juu ya mapaja yake, vijiti huku, manyoya ya kondoo na nyuzi huku. Okhrim alikuwa akieleza jinsi mwaka fulani theluji ilivyoanguka siku hiihii hadi magotini, akamwita mtu fulani punda. Ustyna alikuwa anakoroga unga. Hakuna aliyeona mikono ya bibi ikisimama.

"Nyamazeni," alisema Todosia.

Alikuwa ameshika uzi. Ulikuwa umejisokota ndani kabisa ya kiota, mweusi kwa masizi, lakini alipoupangusa kwa shali rangi ilitokea. Kijani. Kijani cha skafu ya Lavrin.

Ustyna aliijua skafu ile. Baada ya mazishi, Todosia aliifumua yote akatengenezea matamvua kitambaa cha kitani alichokitarizi, na siku ya arobaini ya Lavrin, mwisho wa Machi, alikifunga kwenye msalaba wa kaburi. Hapo Mei alikuta matamvua ya upande mmoja yamenyofolewa, akalaani mbuzi wa jirani wiki nzima.

"Ndege huyu aliuchukua uzi huu kaburini," alisema Todosia polepole. "Alijenga wakati Lavrin yuko chini tayari."

"Shemeji," alianza Okhrim, "nyuzi za kijani ziko nyingi..."

"Okhrim, wewe ni mwongo mbaya, ulikuwa hivyo tangu ujana. Kaa chini." Alimtazama Ustyna, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu Februari. "Ulijua?"

Ustyna aliacha kukoroga. Kijiko kilikuwa kinadondosha unga sakafuni.

"Nauliza huku najua. Nilikuona. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba changu, ukakichukua kigoda ukakirudisha dirishani. Nikajua kwamba unajua." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Okhrim, sikiliza vizuri, maana nataka uyaseme haya kila nyumba utakayoingia leo, na najua utaingia nyingi. Ni mimi niliyelisukuma bamba. Lavrin alikuwa anatetemeka. Aliniambia, 'Todosia, ngoja, bado kuna bluu, Ustyna atakuja kufunga.' Nikamwambia, 'Huyo Ustyna wako atakuja kesho, wewe utakuwa barafu.' Nikapanda kigoda. Nikafunga. Akanicheka. Akasema, 'Mkaidi wewe.' Ndilo neno la mwisho aliloniambia, halafu nikaenda kulala vizuri."

Akamgeukia Ustyna.

"Kila siku nilisema, nitasema kesho. Na kila nilipokuona umebeba mzigo wangu bila kuguna, nilikuchukia. Ungenipigia kelele ningepumua. Wewe unanisomea barua za mwanangu! Unanisomea 'yule' kwa mdomo wako mwenyewe, halafu unaniuliza nitakula nini!" Sauti ilimkatika. "Nilitaka baridi inichukue, basi. Nikaona ni haki. Halafu jana ukaleta uongo wako huo, na mimi nikaupokea. Nikaupokea, Ustyna! Nimelala usiku mzima nimefurahi kama msichana."

Ustyna alikuwa ameketi sakafuni, hakujua alivyofika pale. Alilia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyezoea. Hasira ilikuwepo ndani ya kilio kile, hasira ya miezi minane, na hakuificha.

"Ulikuwa unaniua, Mama," alisema.

"Ndiyo."

"Kijiji kizima."

"Najua. Ndiyo." Todosia alinyoosha mkono, ukabaki hewani katikati. "Sikuombi unisamehe leo. Ni sikukuu, una kazi. Kesho Okhrim ataniandikia barua kwa Danylo. Wewe usiiandike, utapunguza maneno."

Okhrim alijifuta pua kwa mkono wa koti la sikukuu. "Nitaandika," alisema. "Nitaandika na langu pia. Binti, jana asubuhi nilikuuliza dohani ya kumuua nani..." Hakumaliza. Akainama akavikusanya vijiti vilivyotawanyika sakafuni, akamkabidhi Ustyna kwa mikono miwili.

Todosia aliusokota uzi wa kijani kidoleni, akautia mfukoni. Kisha akasema, "Washa."

Ustyna aliwasha. Moto ulisita, ukatoa moshi kidogo chumbani, kisha dohani ikavuta na jiko likaanza kunguruma kama zamani. Walipika chapati. Okhrim alikula kumi na moja bila neno, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia, kisha akaenda kijijini na habari aliyopewa. Kuta zikaanza kupata joto, kwanza karibu na jiko, halafu pembe moja baada ya nyingine, na vioo vya ndani vikatoa jasho. Nje theluji ya kwanza ilianza kuanguka, nyepesi, isiyokaa.

Mchana kuni zilikuwa zimekwisha kuwa makaa. Ustyna alifungua mlango wa chuma ili yaonekane. Juu ya wekundu wake ndimi za bluu zilikuwa bado zinatembea, fupi, zikizimika hapa na kuwaka pale. Todosia alishuka kutoka benchini, akakiburuta kigoda kutoka chini ya dirisha. Ustyna alishtuka. Lakini bibi alikiweka mbele ya mlango wa jiko, akakikalia, na kwa mkono akamwonyesha Ustyna nafasi ya sakafu pembeni yake.

Waliketi wakiyatazama makaa. Baada ya muda mkono wa bibi kizee ulimfikia Ustyna begani, na Ustyna hakuuondoa.

"Bado?" aliuliza Todosia. Macho yake hayakuona vizuri tena.

"Bado, Mama."

Walingoja.

"Na sasa?"

"Bado kuna bluu."

"Basi tungoje," alisema Todosia. "Utaniambia wewe."